Maumbo yaliyo wazi ndani

Katika chumba tunamoweka vyombo vya michezo ya vijana, hapa Kipese, kuna mpira mmoja wa ngozi uliokwisha kazi yake. Upepo umetoka, uzi umekatika, na vipande vyake vimeanza kuachana. Siku moja ya mvua, mseminari mmoja aliyekuwa kwetu wakati wa likizo aliuweka juu ya magoti, akaanza kuhesabu. Vipande vyeusi ni 12, kila kimoja kina pembe tano. Vipande vyeupe ni 20, kila kimoja kina pembe sita. Fasi vipande vitatu vinapokutana ni 60. Kiisha akatuuliza: "Padri, nani aliwaza umbo hili mara ya kwanza?"

Tulitaka kumjibu kwamba ni watu wa kiwanda cha mipira. Mpira wa namna hiyo, mweusi na mweupe, ulionekana katika Kombe la Dunia huko Mexico mwaka wa 1970, tena huko Ujerumani mwaka wa 1974, ambapo Léopards wa Zaire waliuona ukiingia katika wavu wao mara 14. Lakini jibu hilo lingekuwa la uvivu. Umbo lenyewe ni la zamani sana. Archimedes alilijua, ingawa maandiko yake juu ya jambo hilo yamepotea, na sisi tunayasikia kwa kinywa cha Pappus tu. Mchoraji Piero della Francesca alilieleza upya katika kitabu cha Kilatini, mbele ya kufa kwake mwaka wa 1492. Na Leonardo da Vinci alilichora huko Milano, kwa ombi la Mfransiskani mmoja, Fra Luca Pacioli. Tulifungua kitabu chenye picha hizo, tukaweka mpira uliopasuka pembeni yake. Tulikaa pale mpaka kengele ya chakula.

Tokea siku ile tumezitazama picha hizo mara nyingi. Watu huzisifu bila kusema kwa nini, na tena huchanganya ndani ya sifa zao mambo mazuri na mambo hafifu. Sisi tunataka kuyatenga.

Kwanza tuelewane juu ya maumbo yenyewe. Wataalamu wanayaita poliedri, maana yake umbo lenye nyuso nyingi zilizonyooka, kama sanduku ao dadu. Katika hayo kuna matano ambayo nyuso zao zote ni sawasawa na ncha zao zote ni sawasawa. Kwa nini matano tu, na siyo sita ao mia? Katekista anaweza kuwaonyesha watoto kwa karatasi ngumu na mkasi, bila kitabu. Kata pembe tatu ambazo pande zake ni sawa: kila pembe ina digri 60. Kutanisha tatu kwenye ncha moja, unapata digri 180. Ukikutanisha nne, ni 240; ukikutanisha tano, ni 300. Lakini ukikutanisha sita, ni 360, na karatasi inalala juu ya meza, haiinuki tena. Miraba mitatu ni 270, inainuka. Minne ni 360, inalala. Vipande vitatu vya pembe tano ni 324, vinainuka, lakini kidogo tu. Vitatu vya pembe sita ni 360: vinalala kama sega la nyuki. Basi hesabu imekwisha. Kuna umbo la nyuso 4, la nyuso 8, la nyuso 20, lile la nyuso 6 ambalo ni dadu, na lile la nyuso 12 linaloitwa dodekaedri. Hakuna la sita, wala hakuna mfalme anayeweza kuliamuru.

Ndiyo maana Plato, katika kitabu chake Timaeus, aliyapa maumbo haya kazi kubwa: la nyuso 4 ni la moto, la 8 ni la hewa, la 20 ni la maji, dadu ni la udongo, na dodekaedri ni la ulimwengu mzima. Leo hakuna anayesadiki kwamba moto umetengenezwa hivyo. Lakini tunaelewa kwa nini mtu mwenye akili alishikwa na maajabu mbele ya hesabu inayokwisha kwenye tano.

Na mpira wetu je? Mpira si mmoja wa hao watano, kwa sababu nyuso zake ni za namna mbili. Twaa umbo la nyuso 20, kata kila ncha yake kama mtu anavyokata ncha ya kiazi, nawe unapata mpira. Kwenye kila fasi vipande vitatu vinapokutana kuna digri 108, na 120, na 120 tena: jumla ni 348. Zinapungua 12 ili karatasi ilale. Zidisha 12 mara 60, unapata 720. Fanya vilevile na dadu: kila ncha inapungua digri 90, na ncha ni 8: ni 720. Umbo la nyuso 4: kila ncha inapungua 180, mara 4: ni 720 tena. Descartes ndiye aliyeliona jambo hili katika karne ya 17. Wachoraji tunaotaka kusema habari zao hawakulijua, na bado waliyashona maumbo yao bila kosa.

Sasa tumfikie Fra Luca. Alizaliwa katikati ya karne ya 15 katika mji mdogo wa Borgo San Sepolcro, Italia, akafundisha hesabu katika miji mingi. Mwaka wa 1494 alichapisha huko Venezia kitabu kinene cha hesabu. Ndani yake kuna mafundisho ya kuandika mali upande mmoja na deni upande wa pili, yale ambayo mapadri ekonomo wa misioni zetu wanayafuata hata leo, wakikuna kichwa mwisho wa mwezi. Mwaka wa 1496 aliitwa Milano, kwa mtawala Ludovico Sforza. Huko alimkuta Leonardo, aliyekuwa akichora Karamu ya Mwisho katika nyumba ya Wadominikani ya Santa Maria delle Grazie. Mwaka wa 1498 Fra Luca akamaliza kitabu kinachoitwa De divina proportione, kilichochapishwa Venezia mwaka wa 1509. Leonardo alimchorea maumbo, karibu 60.

Uwiano anaouita wa kimungu ni huu: kata mstari sehemu mbili, hivi kwamba mstari mzima kwa sehemu kubwa uwe sawa na sehemu kubwa kwa ndogo. Kwa hesabu ni kama 1.618, lakini tarakimu hazikomi. Unaupata katika kila kipande cheusi cha mpira: mstari unaotoka pembe moja mpaka pembe isiyo jirani, ukilinganishwa na upande mmoja, ni uwiano huo kamili.

Fra Luca anatoa sababu tano za kuuita wa kimungu. Uwiano huo ni mmoja, na Mungu ni mmoja. Una viungo vitatu, kama Utatu Mtakatifu. Hauwezi kutajwa kwa hesabu kamili, kama Mungu asivyoweza kuelezwa kwa maneno. Haubadiliki, kama Mungu asivyobadilika. Tena bila uwiano huo dodekaedri haiwezi kutengenezwa, na dodekaedri ni sura ya mbingu.

Ndugu waseminari, mtasikia sababu hizi zikirudiwa kwa sauti ya heshima. Sisi tunasema wazi: ni hafifu. Ya tatu inatufikirisha, kwa sababu akili inakutana kweli na kitu inachokijua bila kuweza kukimaliza. Lakini nyingine? Kila uwiano wa namna hiyo una viungo vitatu, na jiko la mawe vilevile lina mafiga matatu. Mtu akitaka Utatu katika kila kitu chenye tatu, hatakosa kamwe, na kwa hiyo hatakuwa ameona kitu.

Tulipata mfano wa hatari hiyo hapa hapa. Sote tunajua mfupa wa Ishango. Bwana Jean de Heinzelin, Mbeljiki, aliufukua mwaka wa 1950 pale Semliki inapotoka katika ziwa Edward, katika nchi yetu ya Beni, na leo unahifadhiwa Bruxelles. Una alama zilizokatwa katika mistari mitatu, na umri wake unahesabiwa kuwa miaka karibu elfu 20. Ukijumlisha alama, mistari miwili ina 60, na mmoja una 48. Yule mseminari wa mpira aliposikia hayo, macho yake yakawaka: ncha za mpira ni 60! Basi babu zetu wa Ishango walikuwa wamejua! Tulimwambia akae kitako. Alama za Ishango zinastahili heshima kama zilivyo, yaani mkono wa mtu aliyehesabu jambo fulani kwa uangalifu, kwenye ukingo wa maji yetu. Kuzitundika juu ya mpira wa miguu ni kuzinyang'anya heshima hiyo. Kijana alikasirika kidogo. Kiisha akauliza kama Fra Luca naye aliambiwa akae kitako. Hatujui kama yuko aliyethubutu.

Tukiacha sababu hizo tano, inabaki nini katika kitabu? Zinabaki picha, na picha hizo ni ajabu.

Leonardo alichora karibu kila umbo mara mbili. Mara ya kwanza ni zima, kama jiwe lililochongwa: unaona nyuso za mbele, na za nyuma zimefichika. Jina lake limeandikwa kwa Kilatini, na neno solidus. Mara ya pili umbo lilelile ni wazi ndani, vacuus: nyuso zimeondolewa, zimebaki kingo tu, nene kama fito, kama nyumba yetu ya miti mbele ya kuipaka udongo. Kila umbo linaning'inia kwa kamba, na jina lake katika kibao kidogo.

Mtu atasema: ni ufundi wa kuchora tu. Hapana. Tazameni kazi iliyo ndani ya picha ya pili. Mbele ya Leonardo, aliyetaka kuonyesha upande wa nyuma wa umbo katika kitabu alipiga mistari yote juu ya karatasi, ya mbele na ya nyuma, ikachangamana kama kamba za mbuzi kumi waliofungwa fasi moja. Mwanafunzi hakujua ukingo gani uko karibu na upi uko mbali. Leonardo alizipa kingo unene. Ukingo ukiwa mnene, ule wa mbele unafunika ule wa nyuma, kivuli kinakaa upande mmoja, na jicho linatambua mara moja. Unaona mbele, unaona nyuma, unaona hata hewa iliyo katikati. Kwa jambo dogo hilo akaondoa giza kubwa. Kwa sisi tunaofundisha, huo ndio ukubwa wa picha hizi: hazikufanya fumbo kuwa jepesi, zilionyesha tu kitu kinasimama ginsi gani.

Kuna na picha ya rangi ya Fra Luca mwenyewe, ya mwaka wa 1495, katika makumbusho ya Capodimonte huko Napoli. Wengi wanasema ni kazi ya Jacopo de' Barbari, wengine wanakataa. Mfransiskani amesimama nyuma ya meza katika kanzu yake, mkono mmoja juu ya kitabu kilichofunguliwa, wa pili ukielekeza kijiti kwenye ubao mdogo wenye umbo la jeometria. Kwa upande mmoja kuna dodekaedri ya mbao juu ya kitabu. Kwa upande wa pili kunaning'inia umbo la kioo lenye nyuso 26, miraba 18 na pembe tatu 8, na nusu yake imejaa maji. Nyuma yake kijana mmoja tajiri anatutazama sisi, hatazami ubao. Kila mwalimu anamjua mwanafunzi huyo.

Umbo la kioo ni sehemu bora ya picha hiyo. Mwanga wa dirisha umeingia ndani, umegawanyika juu ya nyuso, na maji yamelala sawasawa kabisa ingawa chombo chake kina pande za kila namna. Tunakubali kwamba mchoraji alikuwa na mkono mkubwa. Lakini uso wa Fra Luca wenyewe hautuambii mengi. Macho yake hayaelekei ubao wala mtu. Tumeitazama picha hiyo kwa nia njema, na tumekosa kumpenda mtu aliye ndani yake. Pengine ni kwa sababu ya jambo tunalotaka kulisema sasa.

Sehemu ya tatu ya kitabu cha 1509, ile inayofundisha hesabu za maumbo matano, si ya Fra Luca. Ni kitabu cha Kilatini cha Piero della Francesca, kimegeuzwa Kiitalia. Jina la Piero halikutajwa kwamba ndiye mwenye kazi. Na Piero hakuwa mgeni kwake: walizaliwa katika mji mmoja, Borgo San Sepolcro, na Piero alikuwa mkubwa kwa umri. Ndiye aliyechora habari za Msalaba wa Kweli katika kanisa la Wafransiskani huko Arezzo. Mwaka wa 1550 Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji, alimshitaki Fra Luca wazi kwamba alijivika kazi ya mzee huyo. Kwa muda mrefu watu walibishana, wengine wakidhani Vasari alichukia tu. Kiisha kitabu cha Piero kilipatikana katika maktaba ya Vatikano, na mwanzoni mwa karne ya 20 Girolamo Mancini akakiweka pembeni ya kile cha Fra Luca. Mabishano juu ya maneno yenyewe yakakoma.

Wanaomtetea wana la kusema, na haki inataka tuliseme. Katika kitabu chake cha 1494 Fra Luca alimsifu Piero sana, kama mfalme wa wachoraji wa wakati wake. Tena zamani zile watu hawakuwa na sheria zetu juu ya vitabu; kila mtu alinakili kwa kila mtu. Ni kweli. Lakini katika kitabu hichohicho cha maumbo Fra Luca alimsifu Leonardo kwa furaha kubwa. Basi alijua kutaja jina. Leonardo alikuwa hai na mwenye sifa kwa wakubwa. Piero alikuwa kaburini. Fundi wa maumbo yaliyo wazi, aliyetaka tuone nyuso za nyuma na za mbele, alipofika kwenye kazi ya jirani yake alituonyesha upande wa mbele tu.

Tusicheke haraka. Kulikuwa na katekista mmoja mzee katika milima yetu, amekwisha kufariki, ambaye alikuwa na mfano wake wa kufundisha ubatizo, mfano wa mbegu za viazi zinazohifadhiwa gizani mpaka zinachipua. Hakuutoa katika kitabu. Aliutoa katika ghala yake. Tuliusikia kwake, tukautumia katika mahubiri, kiisha tukauandika katika ukurasa wenye sahihi yetu. Wenzetu wawili waliusoma na kuuhubiri kwao. Siku moja mzee alikuja Misa akausikia ukitoka katika kinywa cha padri kijana asiyemjua. Nyuma ya Misa alitusalimu kama kawaida, akasema: "Padri, leo nimefurahi. Mtoto wangu amekuwa padri, na hakuna aliyeniita kwenye upadrisho." Tulicheka pamoja naye. Ni usiku tu tuliposikia vizuri alilosema. Tulikuwa na nafasi ya kuandika jina lake katika kurasa zilizofuata, tukachelewa, na mzee akafa. Kwa hiyo tunaposema Fra Luca alikosa, hatumtazami toka juu.

Wafrateri wanaonakili daftari za wenzao, mapadri wanaosoma hotuba ya mtu mwingine kama yao, wajipime wenyewe. Sisi turudi kwenye picha.

Albrecht Dürer, Mjerumani, alichora mwaka wa 1514 picha yake ya huzuni, Melencolia I. Mwanamke mwenye mabawa ameketi, bikari mkononi, hafanyi kitu. Mbele yake kuna jiwe kubwa la nyuso nyingi. Wengi wanaona nyuso 8, sita za pembe tano na mbili za pembe tatu. Watu wamelieleza jiwe hilo kwa njia zisizo na mwisho. Sisi tunaona jambo moja: Dürer, aliyejua sana maumbo haya, hapa amelifanya zima na zito, wala hakuna anayeweza kuona nyuma yake. Ni picha kubwa, lakini inatuchosha. Tunapenda zaidi kitabu chake cha kupima cha mwaka wa 1525, ambamo alifunua maumbo na kuyalaza juu ya karatasi, uso pembeni ya uso, kama ngozi ya mbuzi iliyotandikwa juani. Ukikata na kukunja, umbo linasimama tena. Mashule yetu yangefaidika na kitabu hicho kuliko na jiwe la huzuni.

Lakini kazi tunayoipenda kupita zote haikuandikwa wala haikupakwa rangi ya mafuta. Ni ya mbao, na iko katika kanisa la Santa Maria in Organo huko Verona. Aliyeifanya ni Fra Giovanni da Verona, mmonaki wa Monte Oliveto, aliyekufa mwaka wa 1525. Alifanya viti vya kwaya vya wamonaki wenzake, huko Verona na katika monasteri kubwa ya Monte Oliveto, karibu na Siena. Papa Yulio II alimwita vilevile kufanya kazi Vatikano. Ufundi wake ni kupachika mbao: vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali vinakatwa na kuunganishwa sawasawa mpaka vinakuwa picha. Vasari anasimulia kwamba Fra Giovanni alichemsha mbao zake katika maji ya rangi na mafuta ili apate vivuli na mwanga.

Katika ubao mmoja, wa karibu mwaka wa 1520, unaona kabati ambayo milango yake imefunguliwa nusu. Ndani yake yamewekwa maumbo yaliyo wazi, yale yale ya kitabu cha 1509: tufe la nyuso 72, umbo la nyuso 20, na lile la mpira wetu. Lakini hakuna kabati, wala tufe, wala mlango. Ubao ni laini. Ukipitisha mkono, hausikii kitu. Kila ukingo mnene wa Leonardo, fundi huyu aliukata katika mti, upande wa mwanga kwa mti mweupe, upande wa kivuli kwa mti mweusi. Na fasi ukingo wa nyuma unapopita chini ya ule wa mbele, alikata vipande vidogo zaidi. Tufe lile lina nyuso 48 za pembe nne na 24 za pembe tatu, na kingo zake zote zinapishana. (Ndiyo, 48, kama Ishango, tumekwisha kusema msianze.)

Kwa nini tunaiweka mbele ya zote? Kwa sababu hapa umbo halikuitwa la kimungu na mtu yeyote. Fra Giovanni hakutoa sababu tano. Aliweka maumbo katika kabati, kama padri anavyoweka vitabu vyake, katika kanisa ambamo wamonaki walisali kila siku. Mmonaki mchovu alipoinua macho wakati wa zaburi, aliona kitu kilichofanywa kwa ukweli kamili na mtu aliyekula naye mezani. Tunasadiki kwamba hicho kiliwasaidia kusali zaidi ya hoja ya viungo vitatu.

Tulipomweleza hayo yule mseminari, alitushika vizuri. "Padri," alisema, "Fra Giovanni naye alitwaa picha za Leonardo. Jina la Leonardo liko wapi katika ubao wake?" Hatukuwa na jibu tayari. Tulisema kwamba kitabu cha 1509 kilikuwa mikononi mwa watu, na aliyekijua aliona mara moja maumbo yametoka wapi. Kumbe kitabu cha Piero kilikuwa cha mkono, kimefungwa katika nyumba ya mtawala wa Urbino, na wachache tu wangetambua. Tulisema tena kwamba fundi hakudai kuwaza maumbo hayo. Alidai kuyakata tu, na kweli aliyakata. Kijana aliona jibu letu ni nusu. Nasi tunaona ni nusu, ila nusu hiyo ni ya kweli. Kazi yake ni kutafuta ile ingine, naye ana miaka mingi ya masomo mbele yake.

Fundi seremala mmoja, jirani wa misioni, alitazama picha ya ubao wa Verona muda mrefu bila kusema neno. Kiisha akaomba karatasi, akapima, akaenda. Nyuma ya majuma mawili alituletea umbo la nyuso 20, la mabaki ya mbao, kingo tupu, wazi ndani kama la Leonardo. Ni zuri sana upande mmoja. Upande wa pili, kwenye ukingo wa mwisho, halikufungika: pamebaki nafasi ya kidole kimoja. Anasema pembe zake zilikuwa na kosa dogo sana, asiloweza kuliona katika moja moja, lakini yote 30 yalijumlika pale. Amelitwaa tena nyumbani. Anasema atarudia toka mwanzo, na kwamba tusimwambie mtu jina lake mpaka limefungika.